*TAMKO LA TAWI: MTU MZIMA NI MTU MZIMA*



Leo tunawasemea wenzetu ambao ni nadra kusikika vikaoni: watu wazima wenye ulemavu wa akili.

Kwanza tuweke maneno sawa. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mwenye ulemavu huu ni mtu ambaye tangu utotoni anajifunza polepole kuliko wenzake, na anahitaji msaada katika baadhi ya mambo, siyo yote. Anajifunza, anapenda, anakasirika, anachoka kutumwatumwa.

Lakini mitaani mtu wa miaka 35 bado anaitwa "mtoto". Anateka maji nyumba tatu, ujira wake sahani ya wali. Hajafundishwa kuhesabu chenji kwa sababu "hataelewa". Na mama yake, umri umekwenda, analala na swali moja: nikifa, huyu atabaki na nani?

*Msimamo wetu:* jibu la swali hilo litafutwe mama akiwa hai. Mwanawe asaidiwe kujitegemea kadiri awezavyo, na aamue mambo yake mwenyewe.

Hili si ombi la huruma. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 19 inampa kila mwenye ulemavu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi kwa ajili yao. Katika mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni yao. Tukiitaja asilimia hiyo, wengi tunamfikiria mwenye kiti cha magurudumu au asiyeona. Huyu naye ni mwenye haki.

Pa kuanzia ni kitambulisho cha NIDA. Bila hicho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana akaunti ya pesa ya simu. Hata akilipwa, fedha itapita mikononi mwa mwingine.

Kisha kazi. Kufuga kuku, kufyatua matofali, kuosha vyombo kwa mama lishe: ukiigawa kazi hatua kwa hatua, ukamwonyesha na kurudia, anaiweza. Nauli ya daladala hivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunajua hofu ya familia: ataibiwa, atadhulumiwa, binti atafanyiwa ukatili. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kumfungia ndani si kumlinda, maana aliyefungiwa hana wa kumwambia akitendewa ubaya. Kinachomlinda ni majirani wanaomjua kwa jina, watu wawili watatu anaowaamini, na yeye kujua kusema hapana na pa kukimbilia.

*Tunawaomba wanachama:*

1. Kama nyumbani kwako au kwa jirani yupo mtu mzima asiye na kitambulisho, zungumza na familia, kisha umsindikize akajiandikishe.

2. Katika mkutano wa mtaa ujao, tuulize: kamati ya watu wenye ulemavu ipo? Ndani yake yumo anayewasemea wenye ulemavu wa akili?

3. Mwenye biashara, anza na mmoja. Mlipe fedha, mkononi mwake.

4. Ukimkuta na mama yake, msalimie yeye. Muulize yeye anataka nini, na umsubiri ajibu.

Kadi ya chama hupewa mtu mzima anayeitaka. Akija na ndugu wa kumsaidia kuelewa, wote wawili wakaribishwe na wapewe viti.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.