Alama za vidole Dadaab: Data iliyolindwa, raia aliyepotea

KWA maelfu ya Wakenya wenye asili ya Kisomali katika kaunti ya Garissa na jirani zake, alama ya kidole iliyochukuliwa katika kambi za Dadaab imegeuka pingu isiyofunguka.

Kambi hizo zilianzishwa mwaka 1991 kuwapokea waliokimbia vita nchini Somalia. Nyakati za ukame, wenyeji waliokosa chakula, matibabu na masomo vijijini mwao nao walijiandikisha humo kama wakimbizi. Wengi walikuwa watoto waliopelekwa na wazazi wao. Walipotimiza umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho cha taifa, kompyuta ililinganisha vidole vyao na rejista ya wakimbizi, na maombi yakakataliwa. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, limekadiria kuwa watu walioathiriwa hawapungui 40,000.

Pasipo kitambulisho, mtu hawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Hata safari ya kwenda Nairobi ni mtihani katika kila kizuizi cha polisi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hapa hakuna mwizi aliyevunja mtambo. Data ilisafiri ilivyoelekezwa. Kasoro ni kuwa taarifa iliyotolewa ili mtu apate mgao wa chakula ilitumiwa kuamua uraia wake, na haikuwekwa njia ya kuisahihisha.

Wizi nao ni hatari halisi. Mnamo Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kuwa wadukuzi walikuwa wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa vita. Sababu mojawapo ilikuwa udhaifu wa programu ambao haukuwa umezibwa.

Kwa hiyo, mhandisi anayejenga mkondo wa data kutoka kambini hadi kwenye sava ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuufunga mlango: kuifumba data kwa msimbo wa siri, kuruhusu wachache tu waifikie, na kuweka kumbukumbu ya kila aliyeifungua. Ya pili, ambayo husahaulika mara nyingi, ni kuhakikisha kuwa rekodi ikifutwa au kusahihishwa mahali ilipoanzia, mabadiliko hayo yanafika kila iliponakiliwa. La sivyo, kosa hulindwa kwa uangalifu uleule unaolinda ukweli.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaelekea huko. Inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na inampa mwenyewe haki ya kudai zisahihishwe au zifutwe.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada kwa wakazi wa eneo hilo wanaoomba vitambulisho. Hatua hiyo ilipokewa kwa furaha. Hata hivyo, kuondoa kamati ya wazee ni jambo moja, na kuondoa kidole katika rejista ni jingine. Wazee waweza kusikiliza maelezo ya mwombaji. Kompyuta husoma tu kilichoandikwa ndani yake.