Furaha ya nchi na muamala uliokosewa

Wapambanaji wenzangu, leo siongelei bei wala picha za bidhaa. Naongelea furaha, ila mwisho tutarudi dukani, msikimbie.

Kuna Ripoti ya Furaha Duniani, ilianza kutoka mwaka 2012. Watu wanaulizwa swali moja jepesi: fikiria ngazi ya 0 hadi 10, 10 ndiyo maisha mazuri kabisa kwako, wewe sasa hivi umesimama wapi? Finland imeshika namba moja mfululizo kuanzia 2018 hadi 2025. Sisi Tanzania huwa tuko kule chini.

Utasema basi ni pesa tu. Na kweli pesa ina sehemu kubwa, nchi nyingi za juu zina hela. Mtu asiyejua kesho atakula nini usimwambie furaha iko moyoni, atakushangaa.

Lakini angalia hii. Mwaka 2025 Costa Rica ilikuwa ya 6, Marekani ya 24. Mmarekani anamzidi kipato mtu wa Costa Rica kwa mbali sana. Ingekuwa pesa peke yake, hizo nafasi zingegeuka.

Ripoti hiyohiyo ya 2025 ikaongelea pochi iliyodondoka. Unaamini aliyeiokota atakurudishia? Wanaoamini itarudi ndio wenye furaha zaidi, na nchi kama Finland ziko juu kwa hilo. Kingine, pochi zikidondoshwa kwa majaribio, zinarudi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Yaani tunadhaniana vibaya kuliko tulivyo.

Sasa dukani. Pochi yetu sisi ni muamala uliokosewa. Kuna dada alitakiwa kunitumia 18,500, akatuma 185,000. Kodi ya fremu ilikuwa imebaki siku nne na sikuwa nayo. Sitadanganya, nilikaa na ile meseji kama saa nzima. Nikarudisha. Hakuniletea wateja kumi kama stori za humu, alisema asante basi. Kodi nilikopa.

Sijutii, na sababu ni ya biashara kabisa. Kinachotuua mtandaoni ni kutoaminiana. Mteja anataka alipe mzigo ukifika, wewe unataka atume kwanza. Hapo katikati oda inakufa. Au unatuma boda, mteja hapokei simu, mzigo unarudi na nauli umelipa wewe. Kila muuzaji anayetuma kiatu feki anatukata sisi wote, maana mteja aliyepigwa kule anakuja kwako tayari ana hasira.

Kwa hiyo maoni yangu: nchi haingoji itajirike ndiyo watu waaminiane. Kuaminiana kwenyewe ni mtaji, na huo hatuhitaji mkopo kuuanza.

Anza na haya:
1. Piga picha mzigo ulionao, hata kasoro ionyeshe.
2. Pesa ikizidi, rudisha siku hiyohiyo kabla hujaulizwa.
3. Ukichelewesha mzigo, sema wewe kwanza.

Hatutakuwa Finland kesho. Ila mteja mmoja leo anaweza kulala bila wasiwasi na pesa yake.

Haya, kweli tupu: ile 185,000 ingekuwa kwako, na kodi siku nne, ungefanyaje? Niandikie hapo chini.