Somo la Kompyuta Lifike Kwenye Kiini

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa Elimu, niseme wazi: kumfundisha mwanafunzi wa Tabata kwamba kompyuta ina monita, kibodi na mausi, halafu tukaishia hapo, ni kumpunja. Nyumbani kwao kuna simu ya Android, na chini ya Android kuna kiini cha Linux. Akituuliza kwa nini simu inaganda, tutamjibu nini?

Chukua video. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 4, ni zaidi ya megabaiti 8. Picha 30 kwa sekunde ni karibu megabaiti 249. Programu moja ikiipa nyingine mzigo huo kwa kunakili, kiini kinaupokea, kisha kinaunakili tena kwa mpokeaji. Simu ndogo lazima itoke jasho.

Dawa yake ni kushirikiana. Kiini huunda faili linaloishi kwenye kumbukumbu tu, ambalo hulikuti kwenye folda yoyote, kisha hulichorea ramani ndani ya kila programu inayohusika. Linux hufanya hivyo hata programu ikiomba kumbukumbu ya pamoja bila kutaja faili. Tangu toleo la 3.17 la mwaka 2014, programu inaweza pia kuliomba faili hilo yenyewe kwa mwito wa memfd_create.

Ngumu kuelezea? Hapana. Fikiria nyumba ya kupanga yenye simtanki moja uani. Kila mpangaji hutokea mlango wake, lakini maji ni yale yale. Hakuna anayejaza tanki lake chumbani. Mwenye nyumba ndiye kiini: anaamua nani achote na nani aangalie tu. Ila foleni hapangi. Wawili wakigombea bomba, ndoo zinamwagika. Programu mbili nazo zikiandika sehemu moja kwa pamoja, data inaharibika. Ndiyo maana watengenezaji huweka kufuli.

Mtasema shule hazina kompyuta za kutosha. Sawa, lakini mfano huu unataka chaki tu. Mtasema Kiswahili hakitoshi. Mbona mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004?

Tukienda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja aandae kipindi kimoja cha namna hii. Vinginevyo tutaendelea kuzalisha mabingwa wa kubonyeza, na kazi ya kutengeneza tutawaachia wengine.