Jicho Lirefukalo

Mtoto asiyesoma yaliyoandikwa ubaoni mara huitwa mvivu. Yamkini si mvivu. Jicho lake limekua kwa urefu kupita kiasi, hata sura ya kitu kilicho mbali hukusanyika mbele ya utando wa nyuma ya jicho, isiufikie. Kitabu cha mkononi akisoma vema; ubao waonekana kama ukungu.

Miwani yenye vioo vilivyobonyea kati humwonyesha mbali siku ile ile, lakini ile ya kawaida haizuii jicho kurefuka. Na jicho refu mno huuvuta utando ule ukawa mwembamba, hata waweza kubanduka. Hapo upofu huwa karibu.

Mwaka 1977 Wiesel na Raviola walieleza habari za kima wachanga walioshonwa kope za jicho moja. Jicho lililokosa kuona sura dhahiri lilirefuka. Ndipo ilipofahamika kwamba jicho huongozwa katika kukua kwake na yale lionayo. Baadaye Earl Smith wa Houston akaonyesha, kwa kima vile vile, kwamba kandokando ya utando napo huongoza, si katikati tu.

Kwa elimu hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Polytechnic, Hong Kong, walitengeneza vioo vilivyo safi katikati, na kuzungukwa na mamia ya vilenzi vidogo. Nuru ipitayo humo hukusanyika mbele ya utando, kana kwamba jicho laambiwa: urefu huu wakutosha. Walivijaribu miaka 2 kwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Kasi ya kutoona mbali ilipungua kwa nusu hivi kuliko kwa wenzao wenye miwani ya kawaida. Jicho lililokwisha kurefuka, lakini, halikufupika.

Mimi lanipendeza zaidi jambo lisilo na gharama. Huko Guangzhou, China, katika shule 12, baadhi ya watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3 (habari ilitolewa mwaka 2015) walioingiwa na hali hii walikuwa 30 katika 100; kwa wengine, karibu 40. Nuru ya nje, hata kivulini, yaishinda mno ile ya darasani. Basi mwalimu amfungiaye mtoto ndani wakati wa mapumziko amalize hesabu, na afikiri tena.

Aliyekwisha kuanza kukunja uso atazamapo ubao, mchezo wa nje hautamtosha. Huyo na apelekwe kwa mganga wa macho apimwe, kila jicho peke yake.