Wacheni Mtoto wa T'Challa Akue, Tupeeni Nakia

Leo sina utani.

Kila nikipost kitu kuhusu Black Panther ya tatu, komenti zinajaa watu wa aina mbili. Wa kwanza anataka T'Challa arudi na sura ya mwigizaji mwingine. Wa pili anataka yule mtoto tuliyeonyeshwa mwisho wa Wakanda Forever, Toussaint, arushwe mbele miaka kumi na tano kwa ile janja ya Marvel ya kuchezea wakati, atokee na kifua na suti, avae taji, tupige makofi twende nyumbani. Hakuna hata mmoja anayeuliza mama ya huyo mtoto atakuwa anafanya nini. Basi mimi ndio nauliza.

Na nauliza sasa juu bado kuna nafasi. Ryan Coogler ameshasema muvi inakuja, na Novemba 2024 Denzel Washington aliropoka kwa mahojiano kwamba anaandikiwa mtu wa kuigiza. Yaani kuna msee ameketi mahali na kalamu.

Hebu turudi 2018, ile muvi iliyozinduliwa hadi Kisumu na sisi wote tukavimba kichwa kwa ajili ya Lupita. Nakia tunampata wapi mara ya kwanza? Msitu wa Sambisa, Nigeria, amejichanganya na wanawake waliotekwa, yuko kazini. T'Challa anashuka kutoka angani kumchukua, na badala ya kukumbatiwa anakaripiwa kwa kuharibu kazi ya watu. Baadaye wakitembea sokoni anamwambia mfalme wazi kwamba hawezi kutulia Wakanda akijua huko nje kuna watu hawana kitu. Nchi iko na nguvu za kusaidia wengine na bado ijilinde. Mfalme anakataa. W'Kabi naye anakataa, anasema wakimbizi watakuja na shida zao.

Halafu anaingia Killmonger. Anasema Wakanda imejificha watu wake wakiumia. Hiyo si ndio ile stori ya Nakia, imeongezwa tu bunduki? Lakini hadi leo ukiuliza mtu hapa mtaani nani alikuwa na pointi kwa hiyo muvi, atakwambia Killmonger. Na mwisho T'Challa anasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kutangaza Wakanda inafunguka, dunia nzima inamwona mwenye hekima. Madem wanaosoma hii mnajua hiyo kitu. Unasema wazo kwa grupu, kimya. Chali analirudia dakika tano baadaye na sauti nzito, wote wanasema huyu jamaa ana akili.

Na tusisahau ua. Killmonger alipochoma bustani yote ya lile ua la nguvu, ni Nakia aliyeiba moja na kukimbia nalo hadi kwa Wajabari. Bila hilo ua T'Challa anabaki amezikwa kwa barafu. Muvi inaishia hapo.

Sasa kuja 2022. Najua Chadwick Boseman alifariki 28 Agosti 2020, na waandishi walikuwa wanaandika wakiwa na matanga. Siwalaumu kwa kila kitu. Pia naelewa mashabiki wanaotaka T'Challa arudi. Sisi tumekulia vibanda vya muvi, DJ Afro akitafsiri kwa sauti yake, na sheria ilikuwa moja tu: staringi hafi. Anapigwa, anatupwa kwa maji, anarudi. Huyu hakurudi, na ilikuwa kwa ukweli. Inauma. Lakini kumpa mtu mwingine jina lake haimfufui, na kumkomaza mtoto wake haraka haraka ni kumbadilisha mwigizaji kwa kupitia mlango wa nyuma.

Kile nawalaumu ni hiki. Kazi ya Nakia ya kufungua Wakanda, ile tuliahidiwa mwisho wa muvi ya kwanza, kwenye ya pili imeonekana wapi? Ansongo, Mali. Kituo cha msaada cha Wakanda, na kimeonyeshwa ili kivamiwe na askari wa kukodiwa. Dakika chache, Dora Milaje wanawapiga, tunasonga. Hatujui nani alikuwa anasaidiwa hapo wala kama wenyeji walikitaka. Nakia mwenyewe tunampata Haiti, mwalimu, na kabla taa ziwake tunajua pia ni mama. Sina shida na mwalimu, sina shida na mama. Shida ni kwamba nyinyi mliangalia hiyo sehemu na mkatoka na kitu kimoja tu kichwani: mrithi!

Nchi hii mtoto wa rais wa kwanza alikuwa rais wa nne. 2022 mwaka mzima tuliimbiwa dynasty na hustler hadi watoto wa nasari wakajua. Hapa Kiamaiko ukisema ofisi irithiwe kwa damu utazomewa hadi Kariobangi. Lakini ikifika Wakanda, watu hao hao mnataka mfalme kwa sababu baba yake alikuwa mfalme. Mbona?

Tena muvi yenyewe imewajibu. Nakia anamweleza Shuri kwamba yeye na T'Challa walikubaliana mtoto alelewe Haiti, mbali na presha ya kiti. Hiyo ndiyo wasia ya baba. Mnasema mnamheshimu T'Challa, na kitu ya kwanza mnataka ni kuvunja kile alichoamua kuhusu mtoto wake. Na hapo ndio kuna stori tamu, mnairuka tu. Mama aliyekimbia ikulu, sasa ikulu inamtaka kijana wake. Anaamini nchi inafaa kufunguliwa, na njia rahisi ya kuifungua ni kumkalisha mwanawe kwa kiti na kumnong'oneza. Je, atafanya? Nipe hiyo, weka vita mahali unataka.

Kuna mtu atasema mimi naleta siasa kwa muvi ya watu wa suti. Sawa, cheki ramani. Ramani za Marvel zimewahi kuiweka Wakanda kando ya Ziwa Turkana. (Halafu wanaongea Kixhosa, lakini wacha hiyo.) Mbuzi wetu wanatoka wapi? Wengi wanashuka na malori kutoka Marsabit na Moyale. Manze, inamaanisha kuna supu umekunywa hapa ya mbuzi aliyechungwa karibu na mpaka wa Wakanda. Sasa kumbuka Wakanda Forever ilitoka Novemba 2022. Wakati huo huo kaskazini mvua ilikuwa inafeli msimu wa tano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa kwa huo ukame. Malori yaliyokuwa yanafika hapa, unaona mbuzi anashushwa na unahesabu mbavu. Na kwa stori yetu, hapo jirani kuna nchi yenye vibranium, hospitali za kutibu uti wa mgongo kwa siku moja, na malisho ya vifaru. Wanapigana na watu wa chini ya bahari.

Nakia ndiye mtu pekee kwa hizo muvi mbili ambaye hilo lingemnyima usingizi.

Ndio maana adui wa muvi ya tatu asiwe jamaa wa kupigwa ngumi peke yake. Hapa Huruma, 29 Aprili 2016, jumba la orofa sita liliporomoka usiku wa mvua na watu karibu hamsini wakafa. Lilikuwa limeshawekwa alama libomolewe, na bado watu walikuwa wanalipa kodi ndani. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Ungempiga nani ngumi hapo? Adui alikuwa karatasi, pesa na watu kunyamaza. Shuri angekuja na mashine ya kuinua zege, asante sana. Nakia angekaa mwezi mmoja kabla, angejua majina ya watu wa kila orofa na angeuliza nani anachukua kodi.

Na simtaki akiwa malaika. Nataka afike mtaa kama huu na magari yake ya vibranium, aambiwe na mama wa matumbo kwamba hatukukuita. Nataka akosee, aone msaada wake umeingia mfuko wa chifu, arudi na aanze upya. Huko ndiko mtu hukua kwa stori. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilifanya hivyo 2018 bila vibranium. Jo anaumwa, anajiona shujaa, na nguvu zake zote ni kijiji kilichokubali kuigiza naye. Yule aliyebadilika zaidi ni dadake Mwix, hata hakuwa na kitambaa cha kupeperuka mgongoni. Ililia watu wazima, nimewaona.

Kwa hivyo kabla hujanijibu, usiniletee ile ya "Nakia hana nguvu." Aliingia Talokan chini ya bahari akamtoa Shuri bila lile ua. Okoye alikuwa amenyang'anywa cheo kwa kumpoteza Shuri huyo huyo. Na usiniletee picha ya Toussaint ya AI amevaa suti, nimeziona tano leo. Huyo mtoto ana miaka sita. Ako shule. Mwalimu ni mamake.