Mteremko wa Mai Mahiu haushukwi kwa pupa

Juma lililopita nilisafiri kwenda Narok na mwanangu aliye gredi ya sita. Tulipopita Rironi na kuanza kuteremka, ukungu wa Limuru ulibaki nyuma na bonde lote likafunguka mbele yetu, Mlima Longonot ukiwa kwa mbali. Tukiwa tumekaribia chini, matatu ikajaa harufu ya kitu kinachoungua. Nyanya mmoja aliyeketi nyuma ya dereva akasema, "Kijana wangu, simamisha gari. Breki hizo zimechoka."

Dereva hakubisha. Tulisimama karibu na kanisa dogo lililo kando ya barabara, magurudumu yakifuka moshi.

"Baba, nani alijenga kanisa dogo hivi?" mwanangu akauliza.

Naam, msomaji mpendwa, jibu la swali hilo ni refu kuliko kanisa lenyewe.

Bonde la Ufa halikuchimbwa na mto. Kwa mamilioni ya miaka ardhi ilivutwa huku na huku, ikapasuka, na sehemu ya katikati ikazama. Ndiyo maana ukingo wake umesimama kama ukuta. Juu, Limuru, ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kwenye majani chai na baridi. Chini ni migunga, vumbi na joto. Mai Mahiu lenyewe ni jina la Kikikuyu, maana yake maji moto.

Misafara ya pwani iliujua ukingo huu kabla ya reli. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alitoka Ngong akaelekea Naivasha akiwa pamoja na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, kisha ikakutana na ukuta huo. Njia ya kudumu ilipokuwa bado haijakamilika, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma, lile linaloshuka likisaidia kulivuta linalopanda. Hivyo vifaa vikafika chini, na mwaka wa 1901 reli ikafika Kisumu.

Barabara tuliyosimama ni kazi ya Waitaliano. Katika Vita Vikuu vya Pili, Italia ilishindwa nchini Ethiopia mwaka wa 1941, na maelfu ya askari wake wakaletwa Kenya wakiwa mateka. Hao ndio waliochonga jabali hili. Mwaka wa 1942 wakajenga kanisa hilo, wapate pa kusalia mbali na kwao.

Walioshuka hapa kwa miguu, kwa kamba au kwa gari walilazimika kwenda polepole. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto mpaka ikashindwa kushika. Dereva mwerevu huingiza gia ndogo angali juu, akaacha injini izuie gari.

Breki zilipopoa, wetu alifanya hivyo hivyo. Tulifika Narok tumechelewa, lakini tulifika sote.

Nawe ukiwa abiria, ukisikia harufu hiyo, usinyamaze kwa kuwa una haraka. Sema, kama alivyosema yule nyanya.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.