Mnyauko wa migomba nao hupanda basi

KUTOKA BWERI
Na Wambura Magesa

Afisa ugani akitaka kujua ugonjwa wa migomba umefika wapi, huenda shambani. Mimi ningempeleka kwanza stendi ya Bweri, magari ya Tarime yanaposhusha mizigo. Pamoja na mikungu hushuka machipukizi ndani ya mfuko wa sandarusi, udongo ukiwa bado umeganda mizizini. Shangazi kakupa mbegu ya nyumbani, utaikataaje?

Udongo huo ndio unaonitia shaka. Mnyauko fuzari, au ugonjwa wa Panama, huletwa na vimelea vya fangasi vinavyoingia mizizini na kuziba mishipa ya maji. Chipukizi linaweza kusafiri likiwa na afya machoni pa kila mtu. Baadaye majani ya chini huwa ya njano kuanzia kingoni, huvunjika kwenye vikonyo na kuning'inia kulizunguka shina. Likate shina: utaona nyuzi za kahawia au nyekundu. Kung'oa mgomba hakumalizi kitu, maana vimelea hukaa ardhini miaka na miaka, na hakuna dawa ya kuutibu ugonjwa huu.

Kanda ya Ziwa tumezoea kuogopa mnyauko bakteria, uliogundulika Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006. Huo tunaujua kwa usaha wa njano na ndizi zinazoiva kabla ya wakati, na kuondoa ua dume kunasaidia kuuzuia. Kwa fuzari, kuondoa ua dume ni kujichosha bure. Taarifa ya kata ikiyaweka magonjwa haya mawili kwenye fungu moja, ramani nzima imeharibika kabla haijachorwa.

Fuzari tuliyoizoea humaliza migomba ya kisukari na kuziacha ndizi za kupika za nyanda za juu. Lakini mwaka 2013 ilitangazwa kwamba aina nyingine, inayoua hata Cavendish, ndizi kuu ya soko la dunia, imeingia shamba kubwa la kibiashara huko Nampula, Msumbiji. Mwaka 2019 ikaonekana kisiwani Mayotte. Msumbiji ni jirani yetu wa kusini, jamani.

Sisemi machipukizi yanyang'anywe stendini. Ukianza kunyang'anya, kesho yatasafiri chini ya magunia ya mahindi, na hapo hutajua lolote. Miche safi iliyozalishwa maabara ipo, ila inauzwa. Ya shangazi ni bure, na bei hiyo hakuna hotuba inayoishinda.

Kinachowezekana ni kuuliza. Mzigo huu umetoka kijiji gani, ni mbegu gani, unakwenda kupandwa wapi? Mgomba ukinyauka Butiama mwakani, mtu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu atajua arudi kukagua shamba lipi Tarime. Getini pale Bweri yupo tayari mtu anayekata ushuru wa magari. Apewe daftari la pili.